Tunangoja Lipoe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi ya Mbishi ilikuwa kuwasha tanuri. Jina lake halisi lilijulikana na mwalimu wa darasa na kadi ya kliniki tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Mbishi, kwa sababu ukimwonyesha kitu na kumwambia ni kizuri, yeye hukigeuza kwanza aone upande wa pili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo hakulichukia hata kidogo.

Tanuri lenyewe lilikuwa la matofali, nyuma ya nyumba, na ubavuni lilikuwa na ufa ambao mama yake alikuwa ameuziba kwa udongo mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka. Asubuhi likiwa baridi, lilitoa moshi kila upande, mlangoni na juu na kwenye ule ufa, mpaka Mbishi akalia machozi bila msiba. Likishapata moto, moshi ulikatika na tanuri likatulia kana kwamba halijawahi kumkosea mtu. Jirani aliyekuja baadaye kununua mkate angeapa kwamba mtaa mzima hauna tanuri zuri kama lile.

"Mnafiki wewe," Mbishi aliliambia kila siku, huku akifuta macho kwa upindo wa sketi.

Mikate ya mama yake ilisifiwa na kila aliyeionja, ila ilikuwa na taabu ya safari. Ilipelekwa madukani kwa mkokoteni uliofunikwa turubai, na mvua ikinyesha, nusu yake ilirudi nyumbani imelowa. Ndipo siku moja akaja mpishi mkuu wa hospitali. Alikula kipande kimoja, akaomba cha pili, kisha akasema neno lililomfanya mama aketi chini.

"Mama, mkate huu nautaka kila siku kuanzia Jumatatu ijayo. Lakini wagonjwa wangu hawawezi kungoja mvua ikatike. Uje na gari, na uje kabla ya chai ya asubuhi. Ukichelewa, nitatafuta mwokaji mwingine."

Basi gari likawa lazima; kuendesha mama alijua tangu zamani. Akiba aliyokuwa nayo mama ingetosha gari moja lililokwisha kutumika, tena kwa kubana. Akikosea mara moja, pesa ya kukosea mara ya pili haikuwapo. Akilikosa gari, hospitali imekwenda, na mkokoteni utabaki kuwa mkokoteni mpaka magurudumu yake yachoke.

"Gari? Niachie mimi, dada," alisema Mjomba. Mjomba alikuwa kinyozi, na magari yote aliyajua kwa kusimuliwa na watu waliokaa kwenye kiti chake. "Mteja wangu mmoja ananiambia kuna mkunga mstaafu hapo juu anauza lake. Na mteja wangu mwingine anamjua Bwana Nta, mwenye yadi ya kuuzia magari."

Ijumaa jioni wakaenda kwanza kwa mkunga. Gari lilikuwa la kijivu, au labda liliwahi kuwa la rangi nyingine, maana lilikuwa limebabuka juu na ubavuni. Buti lilifungwa kwa kamba. Bi Mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alilizunguka pamoja nao akiyataja maradhi yake moja baada ya jingine.

"Kioo hiki hakishuki. Buti hilo mnaliona. Mlimani litawaomba subira, na breki za mbele zimeanza kulalamika, mzibadilishe. Mengine muulize wenyewe."

Mjomba akamvuta mama pembeni. "Dada, hili si gari, ni mgonjwa mahututi."

"Limeshakufa," alidakia Mbishi, wala hakupunguza sauti. "Bado kuzikwa tu. Mama, mimi humo siingii hata mkinifunga kamba kama hilo buti."

"Funga mdomo wako!" mama alimkemea. Hata hivyo, naye alilitazama lile gari bila raha, akamwambia Bi Mkunga kwamba wangefikiri. Bi Mkunga akajibu kuwa kufikiri hakulipiwi, na kwamba gari halikuwa na haraka ya kwenda popote.

Jumamosi, baada ya kusambaza mikate, wakapitia yadi ya Bwana Nta, Mbishi akiwa amebeba kreti tatu tupu. Jina hilo Bwana Nta alilipata kwa vile kila gari lake alilipaka nta na kulisugua mpaka unaweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Chini ya banda la mabati palikuwa na gari la buluu, dogo, na viti vyake bado vilikuwa na mifuko ya nailoni. Mbishi alipoliona, moyo wake ulipiga shoti. Alijiona akishuka mle ndani mbele ya darasa zima. Ubishi wote ulimwisha pale pale.

"Mama, hili!" alinong'ona. "Hili hapa, mama. Tusiangalie jingine."

Bwana Nta alikuwa na tabasamu la kutosha watu kumi. "Karibu, mama mwenye bahati. Gari hili lilikuwa la mtu mwangalifu sana. Sikiliza mwenyewe." Akazungusha ufunguo, na injini ikaitika mara moja, ikaunguruma kwa upole. Nyuma hapakuwa na moshi, na mbele hapakuwa na mlio. "Umeona? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Unasikia, dada? Hiyo injini ni tamu," alisema Mjomba, akitikisa kichwa kama fundi wa miaka mingi. Bei ilikuwa ileile akiba yote ya mama, bila kubaki hata ya tairi. Bwana Nta aliizima injini na kusema kuwa mchana huohuo kuna mtu anakuja kulichukua. Mama alivuta pumzi, akaufungua mkoba wake.

Mbishi alikuwa ameshaanza kulipapasa gari lao. Alipapasa taa, akapapasa kioo, kisha akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Lilikuwa la moto. Halikuwa moto wa dakika ile moja, bali moto uliokaa, kama wa mlango wa tanuri mkate ukiwa umekaribia kuiva.

Labda ni jua, alijiambia. Lakini chini ya banda jua halikufika. Akanyoosha mkono, akaligusa gari la pembeni. Baridi. Akaligusa tena la buluu. Basi kabla hawajafika, mtu alikuwa ameliwasha kwa muda mrefu, akalizima, kisha akaja kuwaonyesha jinsi linavyowaka upesi. Mbishi alijua ni kitu gani kinachopendeza kikiwa cha moto na kuaibisha kikiwa baridi. Alikiwasha kila siku ya maisha yake.

Hapo ndipo aliposhikwa na uchungu. Hakuna mwingine aliyegusa boneti. Akinyamaza, gari la buluu lingelala kwao usiku ule. Akisema, lingebaki pale, na wao wangerudi kwa yule mgonjwa wa kamba. Alimtazama mama yake, akaiona mikono yake yenye makovu ya moto ikitoa kitita cha pesa mkobani. Alitamani sana asiwe ameweka kiganja pale.

"Mama, usilipe," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Gari ni la moto. Lilishawashwa kabla hatujaja."

Tabasamu la Bwana Nta lilipungua kidogo. "Ni jua hilo, binti."

"Shikamoo, mzee," alisema Mbishi, maana alikumbuka kwamba hakuwa amemwamkia. "Jua halifiki hapa. Na hili la jirani ni baridi. Mama, si unajua tanuri letu? Likishapata moto halitoi moshi. Ukitaka kuujua ufa wake, uliwashe likiwa baridi."

"Mbishi!" Mjomba alitahayari mpaka masikio. "Haya ni mazungumzo ya watu wazima."

"Mwache," alisema Bwana Nta kwa kucheka kusikokuwa na kicheko ndani yake. "Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu, mama, umemlea vibaya."

Mama alikwenda mbele ya gari, akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha hapo. Mikono ile ilikuwa imepima joto la mikate kwa miaka mingi na haikuhitaji kuambiwa. Kisha akazirudisha pesa mkobani, akaufunga mkoba.

"Nimemlea aulize," alisema. "Na amekuamkia kwanza, kwa hiyo adabu anayo. Sasa nami nauliza. Likiwa baridi linawakaje?"

"Vilevile!"

"Vizuri sana. Basi tunangoja lipoe."

"Mama, gari halipoi kwa dakika mbili! Litachukua mpaka jioni. Na nimekwambia kuna mtu anakuja na pesa mkononi."

"Akija muuzie. Nitampongeza." Mama akachukua kreti moja, akaigeuza, akaketi juu yake katikati ya banda. "Tena wewe umesema kizuri chajiuza. Mbona hiki unakitembeza wewe?"

Mbishi naye akageuza kreti yake, akaketi. Mjomba alibaki amesimama, akichungulia barabarani asije akapita mteja wake mmoja akamwona. Mwishowe miguu ilimchoka, akaketi juu ya kreti ya tatu akiwa ameipa barabara mgongo.

Bwana Nta alijaribu kila njia. Aliwaletea soda, na mama akashukuru na kusema hana kiu. Alipunguza bei, kisha akaipunguza tena, na kila alipoipunguza mama alizidi kujiegemeza. Alisema anafunga yadi mapema, na mama akamwambia kuwa watangoja nje ya geti, mradi ufunguo wa gari ukae kwao. Alipoona hivyo, akaja na ufunguo mkononi kwa haraka ya mtu mwenye shughuli.

"Nalisogeza kidogo tu. Linaziba njia."

Mbishi aliruka kutoka kwenye kreti, akasimama mbele ya mlango wa dereva. "Usiliwashe, mzee. Tulisukume. Tuko wanne."

Mjomba, ambaye mpaka hapo alikuwa akiomba ardhi ipasuke immeze, alicheka bila kutaka. Kicheko kile kilimbadilisha. Alisimama, akakunja mikono ya shati, akasema, "Kweli kabisa. Liende wapi, bwana? Sema upande, tusukume." Bwana Nta akagundua kwamba gari halikuwa likiziba njia sana.

Mchana wakaja watu wengine. Mume na mke walioingia kutafuta gari la familia walishangaa kuwaona watu watatu wameketi juu ya kreti za mikate.

"Kuna nini hapa?" mume aliuliza.

"Tunangoja lipoe," alijibu Mbishi.

Kinyozi hawezi kukaa kimya mbele ya mtu mwenye masikio. Mjomba aliwaeleza habari yote, kwa mikono na kwa mdomo, na safari hii bila kumtaja mteja yeyote. Mke yule alisikiliza, kisha akaenda taratibu kwenye gari jeupe walilokuwa wakilitaka, akaligusa mbele. "Mume wangu, hebu njoo," aliita. "Hili nalo lina homa." Waliondoka bila kuaga. Bwana Nta aliwasindikiza kwa macho, akaacha kuleta soda.

Jua lilipoanza kulegea, mama alisimama, akaligusa boneti, akaitikia kwa kichwa. Mbishi akaligusa, Mjomba akaligusa. Lilikuwa limepoa kabisa. "Washa sasa, bwana," alisema mama.

Bwana Nta alizungusha ufunguo. Injini ilikwaruza, ikakwaruza, ikanyamaza. Alizungusha tena, ikawa vilevile. Mara ya nne ilishtuka, ikatikisa gari zima, kisha nyuma likatoka wingu la moshi wa buluu ambalo lilijaza banda na kuwafanya wote wakimbilie nje. Mjomba alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Ni mafuta mabaya tu!" Bwana Nta alipiga kelele kutoka ndani ya moshi. "Fundi atarekebisha kwa dakika moja!"

"Bwana," alisema mama, "pesa hizi zinanuka moshi wa tanuri langu. Sitazitumia kununua moshi mwingine." Akabeba kreti yake, akatoka getini kichwa juu. Mbishi alimfuata. Aligeuka mara moja kulitazama gari la buluu, na lilikuwa bado zuri, na jambo hilo lilimuuma njia nzima.

Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Usiku ule mama alikanda unga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Hata tukikosa, tumekosa kwa macho wazi." Mbishi alijua kwamba maneno hayo yalikuwa ya kujipa moyo.

Kesho yake asubuhi mapema wakarudi kwa Bi Mkunga, safari hii wakiwa na fundi wa magari wa mtaani kwao. Gari la kijivu lilikuwa nje, limelowa umande. Mbishi alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye boneti. Baridi tele.

"Unampima homa?" aliuliza Bi Mkunga kutoka mlangoni.

Mbishi akashusha macho. "Shikamoo, Bibi. Naomba unisamehe kwa maneno ya juzi."

"Marahaba. Nikusamehe nini? Sura yake ndiyo hiyo, hukusema uongo." Bi Mkunga alimtupia mama ufunguo. "Washa mwenyewe. Mimi nimeliendesha kuwafuata wajawazito katika mvua na matope, na mtoto akitaka kuzaliwa hangoji injini ikohoe. Lingeniacha njiani mara moja tu, ningekuwa nimelitupa zamani."

Mama alizungusha ufunguo. Gari liliwaka papo hapo, kwa kelele kidogo, na nyuma ukatoka mvuke mwembamba uliopotea upesi. Fundi alilala chini akalichungulia, akafungua boneti, akalisikiliza, akaliendesha mpaka mlimani na kurudi. Alikagua hata kadi ya gari na kuilinganisha na namba iliyochongwa kwenye chuma.

"Breki za mbele, kama alivyosema mwenyewe," aliripoti. "Na tairi moja ina kipara. Mengine yote ni uzee wa ngozi."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema Bi Mkunga, akimtazama Mbishi. "Hili limegeuza methali. Mti uko nje."

Bei ilikuwa ndogo kuliko ya gari la buluu, na kilichobaki kikatosha breki na tairi. Fundi alizifunga mchana ule ule. Mbishi alisaidia kulisugua gari kwa sabuni, na halikung'aa hata kidogo.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mikate ilipakiwa ndani, buti likafungwa kwa kamba, na gari likawaka mara ya kwanza. Mlimani liliomba subira kama walivyoambiwa, mama akalipatia. Jikoni mwa hospitali mpishi mkuu alifunua kreti, akaminya mkate mmoja, akakuta ni mkavu na una joto bado. Alitazama nje kwenye mvua, akamtazama mama.

"Kesho saa hizi hizi," alisema.

Mama alirudi kwenye gari, akakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha. Alikuwa akitabasamu na kulia kwa pamoja, na hakujificha.

"Mwanangu," alisema, "juzi nilikuwa nimeshafungua mkoba. Leo tungekuwa tunasukuma gari la buluu kwenye mvua, na mikate imelowa. Watu watakwambia kuuliza ni utovu wa adabu. Si kweli. Mwamkie mtu, kisha muulize, na asipotaka kuulizwa, hapo ndipo uulize zaidi. Lakini nataka ujue kilichonifurahisha kuliko hayo. Wewe lile gari ulilitaka. Niliona macho yako. Kusema kweli inayomnyima mwingine, kila mtu anaweza. Wewe ulisema kweli iliyokunyima mwenyewe. Ushike hapo hapo, usiachie."

Mbishi alitazama dirisha, maana hakutaka naye aonekane akilia. Gari likaondoka. Walipokaribia shule, waliwaona wanafunzi wamejikusanya chini ya paa la geti wakikwepa mvua, darasa lake karibu lote. Mmoja alikuwa ameshaanza kulinyooshea kidole gari la kijivu na kucheka. Mama akapunguza mwendo.

"Nikushushe hapa kwenye kona?"

"Hapana, mama," alisema Mbishi, akajiweka sawa kwenye kiti. "Twende mpaka getini. Na upige honi."

Mama akapiga honi.